Ramani ya Niobi na Silikoni

Nyuma kidogo ya chumba cha kuchomea mafuta, ndani ya injini ya ndege ya abiria, kuna mapanga madogo yanayozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika katika gesi yenye joto kuliko kiwango cha kuyeyuka cha metali yenyewe. Mapanga hayo ni ya aloi za nikeli, na aloi hizo huanza kuyeyuka karibu na nyuzijoto 1350. Yanasalimika kwa sababu ndani yana mifereji myembamba inayopitisha hewa ya kupoza, na nje yamevikwa tabaka la kauri. Hewa hiyo huchotwa kutoka kwenye injini hiyo hiyo, ikiwa imeshagandamizwa kwa nguvu iliyotokana na mafuta, kisha inatumika kupoza badala ya kusukuma ndege. Ndiyo maana tangu miaka ya 1940 wahandisi wamekuwa wakitafuta metali itakayokaa pale bila kupozwa, au kwa kupozwa kidogo tu.

Ukitazama jedwali la elementi, metali za namna hiyo zipo. Niobi huyeyuka kwenye nyuzijoto 2477, molibdeni 2623, tantali 3017, wolframu 3422. Huitwa metali sugu kwa joto, na jina hilo ni kweli ilimradi hakuna hewa. Molibdeni ikipashwa moto hewani, kuanzia nyuzijoto 700 hivi oksidi yake hugeuka mvuke, na kipande kinapungua huku kikifuka moshi mweupe mpaka kiishe. Niobi haitoi moshi; hunywa oksijeni, ikavimba na kumomonyoka. Silikoni ina tabia nyingine kabisa. Ikiungua hutoa silika, ambayo ndiyo asili ya kioo, na silika hiyo hutanda juu ya kitu na kuizuia oksijeni isipenye. Wazo la kuunganisha metali sugu na silikoni lilitoka hapo, na vitu vinavyotokana na muungano huo huitwa silisidi.

Niobi na jamaa zake si wageni kwetu. Kilima cha Panda karibu na Mbeya kina mwamba wenye niobi, kilima cha Mrima huko Kwale kadhalika, na Lueshe katika Kivu Kaskazini imewahi kuwa na mgodi wake. Koltani inayochimbwa Rubaya, kwa mikono na sururu, ni niobi na tantali zilizolala katika jiwe moja. Hata hivyo sehemu kubwa ya niobi ya dunia hutoka Araxá, Brazili, na karibu yote huishia ndani ya chuma, kikiwemo cha mabomba, kama kiungo kidogo. Hadithi ninayoisimulia hapa inahusu matumizi machache sana kwa uzito, na makubwa sana kwa fikra. Kiini chake ni mchoro: mistari michache juu ya karatasi inayosema kitu gani kinaweza kukaa pamoja na kitu gani, kwa joto gani na kwa kipimo gani. Wataalamu huuita mchoro wa awamu. Mimi nitauita ramani, maana hufanya kazi ya ramani.

Silisidi zilitangulia ramani zake. Mwaka 1892, huko Paris, Henri Moissan alikata vitalu viwili vya chokaa, akavichimba katikati, akavibandika kimoja juu ya kingine, kisha akaingiza vijiti viwili vya kaboni kutoka pande mbili na kupitisha umeme kati yao. Joto lililozaliwa ndani ya uwazi ule lilipita lolote ambalo wakemia walikuwa wamelizoea. Alikuwa akitafuta almasi. Alichokipata kwa uhakika ni jamii nzima ya vitu vigumu ambavyo havikuwa vimewahi kuonekana: kabaidi, boridi na silisidi za karibu kila metali aliyoitia ndani. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1906 na kufariki Februari 1907. Mwaka huo huo, Otto Hönigschmid, kijana aliyepitia maabara yake Paris, alieleza kiwanja (yaani kampaundi, muungano wa kikemia) cha molibdeni na silikoni chenye atomu mbili za silikoni kwa kila moja ya molibdeni. Huyo ndiye MoSi2, na tutakutana naye tena.

Watu hawa walijua kutengeneza, ila hawakuwa na njia ya kujua wametengeneza nini hasa. Unatia molibdeni na silikoni, unawasha umeme, unapata bonge la rangi ya kijivu. Je, bonge hilo ni kitu kimoja au vitatu? Ukibadilisha kipimo kidogo, je, utapata kitu kipya, au ni vile vile kwa uwiano mwingine? Hakuna wingi wa majaribio unaoweza kujibu maswali hayo kama huna kanuni ya kuyapanga.

Kanuni ilikuwa imeshaandikwa, tena mapema. Kati ya 1875 na 1878 Josiah Willard Gibbs, profesa wa Yale aliyeishi maisha yake karibu yote mjini New Haven, alichapisha kazi ndefu juu ya msawazo wa vitu mchanganyiko katika jarida la Akademia ya Connecticut, jarida ambalo wasomaji wake walikuwa wachache. (Jiwe ambalo Charles Hatchett alilitumia kugundua niobi mwaka 1801, katika hazina ya British Museum, nalo lilikuwa limetoka Connecticut. Ni sadfa tu, lakini naipenda.) Ndani ya kurasa zile zilizojaa hesabu kulikuwa na sheria fupi mno. Hesabu viambato vya mchanganyiko wako, jumlisha mbili, toa idadi ya awamu zinazokaa pamoja kwa amani. Kinachobaki ni uhuru ulio nao wa kubadilisha joto, kanieneo au kipimo bila kupoteza awamu yoyote. Kanieneo ikiwa ni ile ile ya hewa ya kila siku, unajumlisha moja badala ya mbili.

Chukua viambato viwili, niobi na silikoni. Awamu tatu zikikutana, kimiminika kimoja na yabisi mbili, uhuru ni sifuri. Maana yake kuna joto moja tu na kipimo kimoja tu ambapo mkutano huo unawezekana. Kimiminika kikifika hapo, kinaganda kuwa yabisi mbili kwa mpigo, na joto halishuki mpaka tone la mwisho liishe. Frederick Guthrie, Mwingereza aliyekuwa akichunguza maji ya chumvi na aloi zinazoyeyuka upesi, aliipa hali hiyo jina mwaka 1884: yutektiki. Mwaka 1900 Mholanzi Bakhuis Roozeboom alitumia kanuni ya Gibbs kupanga vipimo vya chuma na kaboni vilivyokuwa vimekusanywa na William Roberts-Austen, na ramani ya chuma na kaboni ikaanza kuchukua sura tunayoijua. Kuanzia 1903, huko Göttingen, Gustav Tammann na wanafunzi wake walianza kuchora ramani za aloi mbili mbili kwa wingi.

Njia yao inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ni rahisi hata mtu anaweza kuidharau. Unayeyusha mchanganyiko, unatumbukiza nyaya mbili za platini na rodi zilizoungwa ncha, unaacha upoe na kuandika joto kila baada ya muda mfupi. Joto linashuka kwa mteremko laini, mara linasita. Kusita huko ni kuganda: fuwele zinapozaliwa hutoa joto lake la ndani na kuziba pengo la lile linalopotea. Likisita na kuendelea kwa mteremko wa taratibu, kuna yabisi moja inayozaliwa. Likisimama kabisa, umefika kwenye uhuru sifuri. Unaweka nukta kwenye karatasi, unabadilisha kipimo, unarudia. Baada ya michanganyiko ishirini au thelathini nukta zinaanza kujipanga kuwa mistari.

Kwa risasi, bati, shaba na chuma, njia hiyo ilifanya kazi vizuri. Kwa metali sugu ilishindwa, na sababu yake ni ya wazi kabisa: platini huyeyuka kwenye nyuzijoto 1768. Bonde la chini kabisa katika upande wa niobi wa ramani tunayoitafuta liko karibu na 1900. Kipimajoto kingekufa kabla ya kufika kwenye jambo linalopimwa. Hata chombo cha kuyeyushia kilikuwa tatizo, kwani silisidi iliyoyeyuka hula karibu kila chungu unachoiweka, na ikishakula chungu, huna tena viambato viwili. Una vitatu au vinne, na hesabu ya Gibbs imebadilika bila wewe kujua.

Suluhu zilikuja polepole, kutoka sehemu ambazo hazikuwa na habari na injini. Viwanda vya taa za umeme vilihitaji nyuzi za metali sugu. Werner von Bolton wa Siemens aliyeyusha tantali kwa tao la umeme ndani ya ombwe mwanzoni mwa karne ya 20, na kutokana na njia hiyo ulizaliwa mtindo wa kuyeyushia juu ya shaba iliyopozwa kwa maji. Shaba yenyewe huyeyuka kwenye 1085, lakini maji yanayopita chini yake huligandisha tabaka la kwanza la metali kabla halijaidhuru, na hivyo kimiminika kinakaa juu ya ganda lake mwenyewe. Kwa kupima joto, Pirani na Alterthum walipendekeza mwaka 1923 jambo zuri sana. Toboa tundu dogo ubavuni mwa kijiti cha metali, pitisha umeme mpaka kiwake, kisha tazama tundu lile kwa pirometa, chombo kinachosoma joto kwa mwangaza. Tundu lenye kina hung'aa kuliko uso unaolizunguka. Metali inapoanza kuyeyuka, kimiminika kinalijaza tundu, na doa lile la mwanga linatoweka machoni pa mtazamaji. Joto la dakika hiyo ndilo joto la kuyeyuka. Hakuna chungu, hakuna waya wa platini. Kuna jicho na tundu tu.

Kwa hiyo vita vya pili vya dunia vilipokwisha na injini za ndege zisizo na rafadha zikaanza kudai metali za moto, vifaa vilikuwepo. Mwaka 1949 W. A. Maxwell, katika maabara ya Cleveland ya shirika lililokuja kuwa NASA, alitoa ripoti juu ya MoSi2 kama kitu cha kutumia kwenye joto kali. Mwaka 1950 Leo Brewer na wenzake wa Berkeley walichapisha uchunguzi mpana wa silisidi sugu. Huko Reutte, mji mdogo wa milimani Austria, kampuni ya Plansee ilianzisha semina za metali za unga kuanzia 1952, na mijadala mingi ya silisidi ilipitia pale.

Kwenye semina ya 1955 Erich Fitzer alileta habari ya kutisha. MoSi2 ilikuwa imeonyesha kwamba inaweza kukaa hewani kwenye nyuzijoto 1600 na zaidi bila kuungua, kwa sababu ya ile ngozi ya silika. Lakini ukiishikilia kwenye nyuzijoto 500 hivi, joto ambalo hata jiko la mkaa hulifikia, kipande kigumu kinaweza kugeuka unga kikiwa mahali pake. Fitzer aliuita ugonjwa huo tauni. Sababu yake ilikuja kueleweka: kwenye joto kali oksidi ya molibdeni huruka kama mvuke na kuiachia silika uwanja, wakati kwenye 500 hairuki, inabaki kuwa yabisi ndani ya nyufa, inachukua nafasi kubwa kuliko metali ilikotoka, na kuzipasua nyufa zaidi. Kitu kisichotishwa na moto mkubwa kinauawa na moto mdogo. Kila aloi ya silisidi iliyobuniwa baadaye imelazimika kujibu hoja hiyo ya Reutte.

MoSi2 ilipata kazi yake ya kudumu hata hivyo, huko Sweden. Kampuni ya Kanthal ya Hallstahammar iliifanya kuwa vijiti vya kupashia tanuri, vilivyokunjwa mithili ya herufi U, vikaingia sokoni katika miaka ya 1950. Tanuri nyingi za maabara duniani bado zinawaka kwa vijiti hivyo. Ukivunja kimoja unaona mara moja kwa nini hakikufaa kuwa panga la injini: kinakatika kama kigae, bila kupinda hata kidogo.

Kwa maoni yangu, kazi kubwa kuliko zote za muongo ule ilifanyika Vienna. Hans Nowotny na wenzake walikuwa wakipima fuwele za silisidi kwa eksirei, mfumo baada ya mfumo, kwa uvumilivu ambao leo hauonekani mara nyingi. Mwaka 1957 walichapisha uchunguzi wa mchanganyiko wa viambato vitatu: molibdeni, silikoni na boroni. Katikati ya ramani ile yenye pembe tatu kulikuwa na kiwanja kipya, atomu tano za molibdeni, moja ya silikoni na mbili za boroni. Nowotny hakukitafutia kazi. Alikipa mahali pake kwenye karatasi. Kilikaa pale kwa takriban miaka arobaini. Katika miaka ya 1990, Mufit Akinc na wenzake huko Iowa walipoonyesha kwamba boroni kidogo huifanya silisidi ya molibdeni istahimili hewa ya moto kwa namna ya ajabu, na Douglas Berczik wa United Technologies alipopata hataza za aloi za molibdeni, silikoni na boroni mwaka 1997, ramani ya kuanzia ilikuwa tayari mezani. Boroni huifanya ngozi ya silika itiririke kidogo na kuziba mianya upesi. John Perepezko na kundi lake huko Wisconsin wakachukua kiwanja kile cha Vienna na kuuliza jinsi kinavyozaliwa kutoka kwenye kimiminika, na jinsi kinavyokaa pamoja na metali ya molibdeni kwa masaa mengi.

Marekani ilikuwa na mchora ramani wake pia. Kuanzia 1965 Erwin Rudy, katika kampuni ya Aerojet-General huko Sacramento, aliongoza mradi mkubwa wa ramani za metali sugu pamoja na boroni, kaboni na silikoni, kwa ajili ya maabara ya jeshi la anga huko Wright-Patterson. Ripoti zilitoka juzuu baada ya juzuu. Sidhani kuna mtu aliyezisoma zote kwa raha, lakini kila aliyekuja baadaye amezichungulia.

Sasa tuifungue ramani ya niobi na silikoni yenyewe. Mwanzo wa upande wa kushoto ni niobi tupu, 2477. Ukiongeza silikoni, joto la kuanza kuganda linateremka, mpaka penye atomu 17 au 18 za silikoni katika kila mia, ambapo unafika bondeni karibu na nyuzijoto 1900. Hapo ndipo yutektiki: kimiminika kinagawanyika kuwa niobi na kiwanja Nb3Si. Ukisonga kulia mstari unapanda kwa ukali kuelekea Nb5Si3, kiwanja kinachoyeyuka kupita 2500. Katikati yao, Nb3Si ina maisha ya mashaka. Ikipashwa moto, karibu na 1980 huvunjika kuwa kimiminika na Nb5Si3. Ikipozwa, chini ya 1770 hivi haina tena haki ya kuwepo. Kwa mujibu wa msawazo inapaswa kugawanyika kuwa niobi na Nb5Si3.

Neno la kuangaliwa ni hilo, "inapaswa". Ramani husema mahali vitu vinapotaka kwenda, wala haisemi vitafika lini. Kwa miaka mingi wachoraji walitofautiana kuhusu kona hii. Wengine waliona Nb3Si, wengine waliiandika kama Nb4Si, na chini yake kila mmoja alichora mstari wake. Ugomvi ulitokana na muda. Nb3Si ikishaganda, atomu za ndani yake husogea taratibu mno, na sampuli iliyopikwa kwa siku moja huonyesha kitu kingine kuliko iliyopikwa kwa juma. Mwaka 1991 Madan Mendiratta na Dennis Dimiduk, huko Dayton, Ohio, walichapisha uchunguzi makini wa upande huu wenye niobi nyingi, wakifuatilia mgawanyiko huo kwa joto na muda tofauti. Kupika kwenye nyuzijoto 1500 kwa masaa 100 kukawa desturi ya maabara. Masaa mia moja kwenye joto linalokaribia kuyeyusha chuma, ili kiwanja kimoja kikubali kuondoka!

Miaka kadhaa kabla ya hapo wengine walikuwa wameenda upande wa pili, kwenye haraka. Wanafizikia walijua kwamba Nb3Ge, jamaa wa Nb3Si, ilikuwa imefikia kelvini 23 kama kipitishi kamili cha umeme mwaka 1973, rekodi iliyodumu hadi 1986. Walitarajia Nb3Si ingeipita, laiti ingekubali kupanga atomu zake kwa mpangilio ule ule. Msawazo haukukubali. Kwa hiyo karibu na 1980 makundi mawili au matatu yaliibana kwa milipuko, yakiipiga wimbi la mgandamizo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na kweli mpangilio ule ulipatikana. Kipitishi kilifanya kazi chini ya kelvini 19 hivi. Matumaini makubwa yalizimika, ila somo la kuganda na kubanwa lilibaki.

Njia ya upole zaidi ilikuwa kuangusha matone. Huko Huntsville, Alabama, kituo cha Marshall cha NASA kilikuwa na bomba la kusimama lenye urefu wa mita 105. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, wakiongozwa na Robert Bayuzick, waliyeyusha matone ya niobi na silikoni yakielea kwa nguvu ya sumaku, kisha wakayaachia. Anguko lilichukua sekunde 4.6. Tone lisiloguswa na chombo chochote halina mahali pa kuanzia kuganda, kwa hiyo hubaki kimiminika likiwa limeshapoa mamia ya nyuzi chini ya joto lake la kuganda. Likiganda, linaganda ghafla. Walipokata matone hayo na kuyatazama kwa hadubini, kwenye baadhi walikuta niobi na Nb5Si3 zimeganda pamoja moja kwa moja, bila Nb3Si kujitokeza. Tone lilikuwa limeruka kituo kizima cha ramani, likafika katika sekunde chache mahali ambapo sampuli za Dayton zilihitaji siku kadhaa za moto. Si kwamba ramani ilikosea. Chini ya mistari ya msawazo kuna mistari mingine iliyofichika, nayo huonekana tu pale ambapo kiwanja kinachotakiwa kimechelewa kuzaliwa.

Kutoka hapo kazi ikawa ya kujenga. Bernard Bewlay na Melvin Jackson, katika kituo cha utafiti cha General Electric huko Niskayuna, New York, walitaka aloi ambayo niobi yake inapinda na silisidi yake inabeba mzigo, kama nondo na zege. Silisidi peke yake hupasuka kwa nguvu ndogo: uimara wake dhidi ya ufa ni takriban 3 kwa kipimo cha megapaskali mara kipeuo cha pili cha mita. Ikichanganywa na niobi ipasavyo, kipimo hicho hupita 20. Uzito nao unavutia, karibu gramu 7 kwa sentimita ya ujazo, dhidi ya 8.5 au zaidi kwa aloi za nikeli.

Ili niobi na silisidi zijipange kama nyuzi za mwelekeo mmoja walitumia njia ya zamani. Mwaka 1916 huko Berlin, Jan Czochralski alivuta uzi wa fuwele kutoka kwenye metali iliyoyeyuka; husimuliwa kwamba alichovya kalamu yake kwenye bati badala ya wino. Viwanda vya kompyuta huvuta silikoni kwa njia hiyo hadi leo. Bewlay na Jackson walivuta niobi na silisidi kutoka kwenye chombo cha shaba kilichogawanywa vipande na kupozwa kwa maji, kimiminika kikiwa kimesukumwa na sumaku kisiguse kuta. Umbali kati ya uzi na uzi hutawaliwa na kasi ya kuvuta. Kenneth Jackson na John Hunt walikuwa wameonyesha hesabu yake mwaka 1966: ukiongeza kasi mara nne, umbali unapungua nusu.

Viambato viwili havikutosha. Titani iliongezwa ili niobi ivumilie hewa na ipinde zaidi, hafni kwa ajili ya nguvu na oksidi, kromi na alumini kwa ajili ya ngozi ya nje. Aloi iliyojulikana zaidi ya kundi lile ina titani atomu 24.7 katika kila mia, hafni 8.2, kromi 2, alumini 1.9 na silikoni 16. Kila kiambato kilidai ramani yake. Niobi, titani na silikoni; kisha niobi, hafni na silikoni; kisha zote nne pamoja. Na kila kiambato kilileta adha ya kuganda. Titani na kromi husukumwa mbele na fuwele zinazokua, hujikusanya kwenye kimiminika cha mwisho, na kuacha vidimbwi vinavyoyeyuka mapema kuliko mwili mzima. Panga linaweza kuwa na wastani mzuri wa kemia na bado likawa na madoa dhaifu ndani yake. Huwezi kuyaona kwa kupima wastani. Unayaona kwa kukata, kung'arisha na kutazama, kisha kurudi kwenye ramani kuuliza kimiminika kilipitia wapi kikishuka.

Ulaya ilikuwa na mradi wake, ULTMAT, katika muongo wa kwanza wa karne hii, na Panos Tsakiropoulos huko Uingereza amechapisha kwa miaka mingi juu ya nafasi ya kila elementi ndani ya aloi za niobi. Ujerumani, hasa Magdeburg na Karlsruhe, imeendelea na molibdeni na boroni. Hata hivyo soko lilichukua njia nyingine kwanza. Injini ya LEAP, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, ilileta sehemu za kauri yenye nyuzi za silikoni kabaidi kwenye turbini yake. Silisidi ya niobi bado haina panga linaloruka na abiria. Nadhani ni haki kulisema hilo wazi, maana miaka thelathini ya makala zilizoahidi nyuzijoto 1300 imewachosha hata marafiki wa aloi hizi. Ngozi ya nje bado ndiyo mwiba, na ile tauni ya Fitzer bado inajitokeza pale joto linaposhuka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2020 idara ya nishati ya Marekani ilianza kugawa fedha katika mpango uitwao ULTIMATE, ikitaka aloi itakayofanya kazi kwenye nyuzijoto 1300 bila kupozwa. Safari hii baadhi ya watafiti wanaijenga aloi kwa leza, tabaka juu ya tabaka za unga, ambapo kila kidimbwi kidogo cha metali huganda kwa kasi inayofanana zaidi na matone ya Huntsville kuliko na nguzo za Niskayuna zilizovutwa taratibu. Nyuzi za niobi na silisidi hutoka nyembamba mno, na viwanja ambavyo msawazo hauvitaki hubaki vimenaswa ndani. Panga la namna hiyo likiwekwa injinini, litakaa kwenye joto kwa maelfu ya masaa, na Nb3Si iliyonaswa itaendelea kugawanyika huko huko angani. Kwa hiyo hupikwa kwanza katika tanuri, na swali linalojadiliwa sasa ni kwa muda gani na kwa joto gani, ili safari ndefu ya kuelekea msawazo iishie kiwandani kabla ya ndege kupaa.